Kopo la Bluu

Malaba, 9 Agosti 1996

Kwako Oundo,

Natumai huko Kampala u mzima. Huku mahindi yamekubali, ila mimi nimechoshwa na hii sebule yako.

Fundi Zephaniah alipaka viraka viwili ukutani kwa mabaki yake ya rangi, krimu na bluu, ili tuchague. Sasa kila anayekuja kuomba chumvi anatoa hukumu. Mimi nataka krimu kwa sababu chumba ni giza. Wewe umeng'ang'ania bluu, mpaka ukatuma kopo na lori la Jacktone bila kuniuliza. Mama yako naye hushinda mbele ya ukuta akisema krimu itaonyesha mikono ya watoto. Watoto gani, jamani? Huu ni mwaka wa sita ananisema hivyo!

Jana nikachoka kubishana. Nikamwambia fundi, "Paka hiyo bluu tumalize."

Akafungua kopo, akaniangalia. "Mama, hii ilishatumika. Imebaki nusu."

Nikadhani ilimwagika njiani. Nikachukua kifuniko, nikakigeuza. Juu yake kuna alama za vidole vya mtoto mdogo, zimekauka kwa bluu hiyo hiyo.

Mama yako ameziona pia. Tangu jana hajanisema.

Sebule inapakwa krimu. Kopo nalirudisha na Jacktone, pamoja na kifuniko chake, ukamalizie ukuta wa huyo mtoto.

Ni mimi, mke wako wa Malaba,
Nanjala