Dakika Nilizompotezea Bibi wa Msanzi

Majengo, Sumbawanga

Mume wangu Baba Nuru,

Hamjambo huko Tanga? Kikohozi cha Nuru kimekwisha, au bado unamwogesha maji ya baridi kwa ukaidi wako? Mimi mzima wa mwili. Baridi ya huku tumeshazoeana, navaa sweta mbili na kunyamaza.

Moyo ndio haujatulia. Juzi tulikuwa Msanzi kwa Mama Kristina, kupiga picha za watu wakipura ulezi. Unajua kazi yetu: Deo anarusha droni, mimi nina rimoti yangu ya kuzungusha kamera tu. Mara moshi ukapanda bondeni. Kuna mtu alichoma shamba, upepo ukamshinda. Mama Kristina akapiga ukelele, "Mama yangu yuko kule! Anakata nyasi za kuezekea!"

Kaka zake wawili wakatimua mbio, simu mkononi ili niwaelekeze. Deo akaipeleka droni mbele yao, hadi karibu na moto. Nikageuza kamera itazame nyuma, nikamwona bibi, kitenge cha bluu, anajikokota kwenye nyasi ndefu.

"Yuko kulia!" nikapiga kelele kwenye simu. "Kateni kulia!"

Wakakata kulia. Kwenye skrini nikawaona wanazidi kuachana naye.

Mume wangu, ndipo nikagundua kosa langu. Kamera ilikuwa inawatazama usoni. Kulia kwa skrini yangu kulikuwa kushoto kwao! Hilo hufundishwa siku ya kwanza, na mimi ninayejifanya fundi nimewafundisha wenzangu. Nikasema kushoto, wakasimama wakibishana, moshi umewafunika.

"Betri inaisha, dada," Deo akasema.

"Isogeze juu ya bibi mpaka nikwambie simama."

Nikainamisha kamera itazame chini kabisa. Kitenge kilipofika katikati ya picha nikamsimamisha, nikawaambia wale kaka, "Acheni kulia na kushoto. Fuateni mlio wa droni, yuko chini yake!"

Wakamfikia. Walimtoa wamembeba mgongoni, anakohoa, mguu mmoja umeungua hadi kwenye goti. Yu hai, yuko hospitali.

Jana Mama Kristina alikuja hapa na ungo wa unga wa ulezi, akapiga magoti mbele ya majirani kunishukuru. Nami nikapokea. Kaka zake wanadhani ni wao waliosikia vibaya, na mimi nimewaacha wadhani hivyo. Naona haya, Baba Nuru, hata unga wake sijaugusa.

Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Jumapili wakitoka misa nitakwenda kumwambia Mama Kristina, na bibi mwenyewe kitandani kwake. Wakinifukuza, nitakuwa nimestahili.

Mwamkie mama mkwe, shikamoo yangu imfikie. Msalimie wifi yangu fundi cherehani, na umbusu Nuru kote mashavuni. Sifa zangu nasikia zimeshafika huko kwa simu. Tafadhali, mtu akikupongeza kwamba mkeo ameokoa mtu, mwambie asubiri kwanza tusikie bibi mwenyewe atasema nini.

Mkeo akupendaye,
Mama Nuru