Gari Lenye Tabia

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, lile goti limekubali matibabu, na shemeji amepona mafua yake ambayo huwa anayasimulia kama mtu aliyetoka vitani. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana. Wanetu pacha wapo salama chuoni, wanalalamika tu kwamba siku hizi shangazi yao anapokea simu zao akiwa na haraka.

Najua unajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu utanikatiza. Ulinilea tangu nina miaka saba, na tangu siku hiyo sijawahi kufika mwisho wa maneno yangu mbele yako. Kwenye karatasi itabidi usubiri zamu yako.

Habari ulizozisikia kwa pacha ni za kweli. Nimenunua gari, na si gari la mtu wa rika langu. Lina milango miwili, na liko chini kiasi kwamba kuingia ni kama kuketi ndani ya beseni. Lilitengenezwa kwa ajili ya kukimbia, ila hiyo ilikuwa miaka ishirini na minne iliyopita. Ni jekundu, isipokuwa boneti, ambayo jua limeichosha hadi imekuwa rangi ya ufizi. Mimi, fundi miwani wa miaka hamsini na mmoja, mtu ambaye kutwa nzima anakaza skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, nililiona limeegeshwa nje ya nyumba ya daktari mmoja wa meno aliyestaafu, na nikasimama pale kama niliyepigiliwa msumari.

Yule daktari alikuwa mkweli, sina budi kusema. Aliniambia kwamba gari halina tatizo, lina tabia tu. Nilicheka, nikadhani ni maneno ya mzee anayeachana na kipenzi chake. Dada, mtu akikuambia kitu chake kina tabia, vuta kiti umuulize ni zipi.

Tabia ya kwanza niliijua kabla sijafika nyumbani. Nilikuwa barabarani, mvua inaanza, nikasikia kishindo mlangoni, na kioo cha upande wangu kikazama ndani ya mlango kama jiwe kisimani. Niliingia uani bega moja limelowa chepechepe na jingine kavu. Tabia ya pili ilikuwa honi. Kila nilipokata kona ya kushoto ililia yenyewe, wala si kidogo. Kati ya duka langu na nyumbani kuna kona nne za kushoto. Kwenye ya pili kuna mama mmoja mshonaji, ambaye hatukuwa tumesemezana mwaka mzima kwa sababu ya fremu aliyodai nimeipinda. Yeye alidhani nampigia honi kumwomba suluhu. Siku ya kwanza alinitazama. Siku ya tatu alipunga futi yake ya kupimia. Wiki ya pili alinisimamisha, akaniambia suruali yangu inaburuza, niilete aipunguze. Baadaye fundi alipokata mzizi wa fitina, waya uliokuwa unagusana ndani ya usukani, nilipita pale kimya, na kesho yake mama wa watu akamuuliza wifi yako amenikosea nini tena. Sasa nikifika kona ile naibonyeza honi mwenyewe.

Wifi yako alilipokeaje gari? Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisimama kizingitini na sare yake ya ukunga, akalizunguka mara moja, akauliza kama lina mikanda, kisha akaingia ndani kujiandaa na zamu ya usiku. Wewe hukuwahi kuiona nyumba yetu tangu pacha waondoke, na nilipokuwa nakuambia kwenye simu kwamba mambo ni shwari nilikuwa nakudanganya. Hatukuwa na ugomvi. Tulikuwa kama wapangaji wawili wanaoheshimiana. Gesi imeisha. Funguo ziko mezani. Fundi wa bomba amekuja. Basi. Zamani tulikuwa tukicheka hadi majirani wanagonga ukuta, na sikumbuki ilikuwa siku gani tulipoacha.

Nirudi kwenye gari. Nilipata fundi nyuma ya ghala la mbao, mtu mnene, mpole, ambaye kila mtu anamwita Fundi Pole, kwa sababu hawezi kukueleza ubovu kabla hajakupa pole. Ukimwona anajifuta mikono kwa tambara huku ameinamisha kichwa, shikilia moyo wako. Siku gari lilipochemka katikati ya mzunguko wa magari, moshi mweupe unatoka kwenye boneti na watu wananipigia kelele nizime, alikuja akafunua, akatazama muda mrefu, akanipa pole mbili. Ya kwanza ya rejeta, iliyokuwa imeziba. Ya pili ya feni, ambayo haikuwa inazunguka kabisa. Akasema feni ya gari la namna hii haipatikani, labda tusubiri miezi.

Niliomba nijaribu. Nikaifungua ile mota ya feni juu ya meza yangu ya kusagia lenzi, chini ya taa yangu na kioo changu cha kukuzia, nikakuta waya mmoja mwembamba kama unywele umekatika. Niliuunga kwa lehemu. Tulipoirudisha na feni ikaanza kuvuma, Fundi Pole alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi anasoma gazeti, akaniambia kuanzia Jumamosi ile nisije tena na viatu vizuri. Dada, sijui nikueleze vipi ile raha. Kwa miaka thelathini nimetengeneza vitu vya kuwasaidia watu kuona. Hiki kilikuwa kinakwenda.

Kisha ikaja kelele. Ilikuwa kama mtu anasaga mchanga mahali fulani ndani ya injini, inakuja, inapotea, inarudi. Fundi Pole alisikiliza kwa bisibisi ndefu aliyoibana sikioni. Alisikiliza tena. Alijifuta mikono, akanipa pole tatu, na pole tatu maana yake ni kuishusha injini nzima. Nilirudi nyumbani nimenywea, na bila kupanga nikamsimulia wifi yako. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumsimulia jambo lolote tangu pacha waondoke. Alikuwa anakatakata vitunguu. Aliuliza kelele inakuja gari likiwa la moto au la baridi. Akauliza kama mapigo yake ni sawa au yanaruka. Nikasema sijui. Akaniambia mtu hakimbilii kupasua kabla hajasikiliza vizuri.

Jumamosi alikuja gereji akitokea zamu, na mkobani alikuwa na kile kipembe chake cha mbao, kile wakunga wanachoweka kwenye tumbo la mama kusikiliza moyo wa mtoto. Alifunga vizuri kilemba chake, akamwambia Fundi Pole awashe, akainama juu ya injini, mbali na mkanda unaozunguka, akaweka kipembe hapa, akasikiliza, akakihamishia pale, akasikiliza. Gereji nzima ilinyamaza, hata waliokuja kununua mbao walisogea. Uso wake ulikuwa uso ule ninaoujua tangu ujana wetu, wa mtu ambaye dunia yote imehamia kwenye sikio lake. Mwishowe akagonga kwa kidole kwenye puli ndogo inayokaza mkanda, akasema injini ni nzima, anayelia ni huyu. Fundi Pole alitoa mkanda, akawasha, kelele haipo. Beringi ya ile puli ilikuwa imekufa. Alibadilisha kwa nusu saa. Kisha akasimama mbele ya wifi yako, akajifuta mikono, na kwa mara ya kwanza katika historia ya gereji ile akasema hongera.

Tangu hapo wifi yako hakuacha Jumamosi hata moja. Ni yeye aliyesikia mlio wa upepo, kama mtu anayenong'ona, tulipokuwa tunapanda mlima na gari halina nguvu hata baiskeli ilitupita, na mwenye baiskeli alikuwa amepakia viti. Aliingiza mkono mahali ambapo mkono wangu haufiki, akapapasa kwa ncha ya kidole, akaupata mpira wa tabo, ile mashine inayoisukumia injini hewa, umechanika kwa chini. Tulifanya kazi mimi nimelala chini ya gari na yeye amepiga magoti juu, ananipasia spana, ananikosoa. Siku moja mafuta yalinimwagikia usoni, nikatoka pale kama kinyago. Alianza kucheka, akashindwa kusimama, akakaa kwenye tairi. Nami nikacheka kwa sababu yeye anacheka. Fundi Pole alituacha, akaenda kunywa chai.

Sasa dada, nakuomba ukae, kama ulikuwa umesimama. Kuna ubovu mmoja niliuruka.

Buti ya gari lile ilikuwa inavuja. Nilichelewa kuligundua hilo, na kuchelewa kwangu ndiyo habari yenyewe. Juma lile lile nililonunua gari niliweka begi humo. Ndani mlikuwa na mashati matano, suruali, na vyeti vyangu. Sikununua gari la milango miwili kwa sababu ya rangi, dada. Nililinunua niondoke. Nilikuwa nimepata chumba mji mwingine, na mwenye duka la miwani huko alikuwa ananisubiri. Sikuwa na mtu mwingine, nakuapia, usianze kunihisi. Nilikuwa nimechoka kuishi kimya, nikaona nikiwa na gari lenye mbio nitapata ujasiri wa kukimbia. Lakini kila nilipokata shauri kitu kilikatika. Kioo, honi, feni. Nikawa najiambia, likipona nakwenda.

Wiki moja ya mvua kubwa, kabla ya ile Jumamosi ya kipembe, nilifungua buti nikakuta imejaa unyevu na begi halimo. Nikaenda kabatini. Mashati matano yalikuwa yametundikwa mahali pake, yamefuliwa, yamepigwa pasi. Vyeti vilikuwa vimetandazwa kimoja kimoja juu ya kabati vikauke. Hakuniuliza. Nami sikuthubutu kusema. Kwa hiyo zile Jumamosi zote, dada, ile ya kipembe, ile ya mpira wa tabo, ile ya kucheka, yeye alikuwa anajua, na mimi nilikuwa najua kwamba anajua.

Mwezi uliopita gari lilipona. Fundi Pole mwenyewe alitufungulia geti. Wifi yako akanyoosha mkono, akaomba funguo. Hajawahi kuniambia kwamba anapenda mwendo. Alilipeleka lile gari mlimani kama anakwenda kuzalisha watoto watatu mitaa mitatu tofauti, gia zinapanda, tabo linapiga mluzi, mimi nimeshika kiti kwa mikono miwili naomba dua kimoyomoyo, na yeye anatabasamu peke yake. Kule juu ambako mji wote unaonekana aliegesha, akazima.

Nikaona nisipoongea pale sitaongea tena. Nikamwambia, "Mke wangu, lile begi."

Akasema, "Nilikuwa natafuta jeki. Vyeti vyako vilikuwa vinaloa."

Nikamuuliza kwa nini basi alinisaidia kutengeneza gari ambalo nilitaka kuondokea. Akasema, "Nilifikiri, kama atakwenda, asife njiani na hiki kidude. Halafu nikaanza kuipenda kazi." Kisha akaniambia kwamba zile zamu za usiku alikuwa anaziomba mwenyewe, zaidi ya mwaka sasa, maana ilikuwa rahisi kukaa na wanawake wanaolia kwa uchungu kuliko kukaa sebuleni na mimi nisiyesema kitu. Sikulijua hilo. Nilimwomba msamaha. Naye akaniomba. Tulikaa pale hadi injini ikapoa kabisa, tukiongea kama watu ambao wamekutana kwenye safari na wakagundua kwamba wanatoka mtaa mmoja. Kuna mambo aliniambia ambayo sitayaandika hapa, hata kwako.

Yule mwenye duka la mji mwingine nimemwandikia kumshukuru. Wifi yako amebadilisha zamu, sasa anafanya kazi mchana. Majirani wamegonga ukuta mara mbili.

Nimekueleza yote haya kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kwamba aibu ikitajwa hupungua. Nikaripie ukitaka, nitakuwepo. Shule zikifungwa tutakuja kwako kwa gari hilo hilo, siku mbili barabarani, tukipokezana usukani. Mwambie shemeji atuwekee nafasi uani, na asiombe kuliendesha, kwa sababu jibu atapewa na wifi yako.

Wape watoto wote mkono wangu, na jirani yako wa kulia mwambie miwani yake iko tayari, naja nayo. Nawe lipumzishe hilo goti.

Nimesahau moja. Juzi mlango wa abiria umeanza tabia mpya: kwa nje haufunguki. Anayeendesha lazima aingie kwanza, ajinyooshe hadi upande wa pili, amfungulie mwenzake kwa ndani. Fundi Pole ametupa pole, akasema ni kazi ya dakika kumi. Tumemwambia asiwe na haraka.

Wako mtiifu, nikiwa mbali tu,

Mdogo wako