Maji ya Saa Kumi

Idaho, 4 Juni 1984

Mwanangu Merrill,

Salamu kwako, kwa mkeo Noreen na kwa mjukuu wangu Darla. Mimi sijambo, isipokuwa goti, nalo limezoea kunisema. Joto la huko Phoenix limewaachia uhai?

Nimefurahi mnakuja. Maporomoko ni dakika kumi tu kutoka maegesho, njia ya lami, hata mimi na goti langu nafika. Lakini mwaka huu theluji ilikuwa nyingi mno. Asubuhi kijito utakidharau. Jua likishinda mlimani likiyeyusha theluji, saa kumi maji yanashuka kama yamefukuzwa. Tazameni kutoka kwenye uzio, kisha mje kula. Msivuke kijito juu ya mawe. Nakuomba, baba.

Mama yako

Phoenix, 11 Juni

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima, Darla anang'oa jino.

Na wewe, Mama! Mahali watu wanasukuma vigari vya watoto, aiskrimu mkononi, unaniandikia kama naenda vitani. Nimezaliwa hapo, au umesahau? Jumamosi ya tarehe 23 tutapita huko asubuhi, nimpige Darla picha, saa saba tuko mezani kwako. Wewe kaanga samaki tu.

Mwanao, Merrill

Phoenix, 9 Julai

Mama,

Shikamoo. Hatujambo. Kikohozi cha Darla kimepoa.

Barua zako mbili nimezipata. Unauliza kwa nini tuliondoka alfajiri ile bila kuaga. Haya, nakwambia. Tulichelewa njiani, tukafika mchana, nami nikavuka na Darla kwa ajili ya picha, kosa langu. Akasinzia juani, nikamwacha alale. Nilipomwamsha, mawe yalikuwa yamezama. Nikambeba mgongoni, mguu mmoja tayari uko majini. Kule ng'ambo watu wote wamenyoosha mikono, Noreen akiwemo. Sauti siisikii, midomo naiona: njoo, njoo, hatua tano tu! Ndipo nikakuona wewe, umekuja kututafuta. Mama yangu mzazi! Ukatandika blanketi, ukaketi, ukakunja mikono. Mtoto analia "Bibi! Bibi!" nawe umeketi kama uko kanisani. Nikatoa mguu majini, nikarudi nyuma. Tukalala mwambani na baridi ile mpaka maji yakapungua.

Noreen hataki tena Darla aletwe kwako.

Merrill

Idaho, 14 Julai

Mwanangu,

Salamu, na pole kwa kikohozi cha mtoto. Mimi mzima. Mwambie Noreen simlaumu, mama yeyote angenyoosha mikono.

Nilikuwa nimepiga kelele mpaka koo likakauka. Ungesikia nini kwenye ngurumo ile? Ningeinua mkono kukukataza, ungedhani nakuita. Nikaona nikiketi utaelewa: leo hakuna kuvuka, mpaka baridi ya usiku iishike theluji huko juu. Wala sikuondoka, Merrill. Kulikucha nikiwa palepale, na niliogopa kuliko nyote.

Mjomba wako Orrin hukumjua. Mlipouliza, nilisema alikufa maji, basi, nikabadili mazungumzo. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alisimama hapo hapo ulipotia mguu wako, saa hiyo hiyo, nami nikiwa ng'ambo hii. Nilimnyooshea mikono, akaja.

Mama yako