Bandama Langu Mbele ya Watahini

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimebonyezwa tumbo na wanafunzi kumi na mmoja. Bandama langu limevimba mpaka limevuka kitovu, na hawa madaktari watarajiwa wanalipangia foleni! Miaka arobaini nimeshona nguo za watu, sijawahi kugombewa hivi.

Binti yangu amenuna. Eti mama yake si mwanasesere wa kuchezewa. Nikamwambia: nyumbani nikisema tumbo linauma, mnaniambia ninywe maji. Hospitali wananiuliza tangu lini, na jibu wanaliandika!

Sababu yenyewe ya kukubali kubonyezwa sijamwambia. Marehemu baba yake alitibiwa na daktari ambaye hakuinuka hata kwenye kiti. Aliandika dawa tu, hakumgusa. Wiki tatu baadaye tukamzika. Inaniuma mpaka leo. Basi hawa waje wote waniguse, mpaka wazoee.

Jumatano, 6 Machi

Kuna msichana nimembandika jina Mtetemo, maana mikono haimtulii. Anakosea kama wenzake: anaanza kutafuta juu, chini kidogo ya mbavu. Kumbe hapo tayari yuko juu ya bandama lenyewe! Anaona pote pagumu, anasema hakuna kitu. Ni kama mtu kulala katikati ya kitanda kikubwa, akasema hakioni.

Nikamwambia, mwanangu, anza chini kulia, panda taratibu mpaka ukingo ukuguse vidole. Akalipata! Kelele alizopiga — nesi alikuja mbio akidhani nimekata roho.

Alhamisi, 7 Machi

Mtihani kesho. Mtetemo ameshafeli mara moja, akifeli tena anafukuzwa chuo. Mkuu wa watahini ametuonya sisi wagonjwa watakaotupima: kusaidia ni marufuku, hata kwa kukonyeza. Nikasema nimesikia. Kusikia nimesikia.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika nikiwa kitandani, nyuma ya pazia. Nimeharibu.

Mtetemo kaingia, kanisalimia vizuri, kasugua mikono ipate joto. Halafu — mbavuni! Juu kule kule! Nikaikodolea macho dari. Alipofungua mdomo kusema hakuna kitu, nikaguna. Na huu mkono wangu usio na adabu ukaenda kujikuna chini, kulia.

Mtetemo akasita. Akaanza upya, kutoka chini. Akalipata, akalitaja.

Mkuu akavua miwani. "Mama, umeumia au umemwonyesha?" Nikajifanya kiziwi. Akasema anakwenda kuchukua fomu, akirudi anataka jibu.

Nikisema nimeumia, binti wa watu anapita. Na kalipata kwa vidole vyake mwenyewe, jamani! Lakini mgonjwa wake wa kesho naye atajikuna?

Nimechungulia. Mtetemo yuko kwenye benchi hapo nje ya pazia. Nikamnong'oneza: usijali, nitasema niliumia. Akatikisa kichwa.

"Usiseme hivyo, Mama. Hukuumia. Mwambie ukweli tu."

Mtoto huyu! Huyu ndiye ningetaka amtibu marehemu mume wangu. Na ukweli wake ndio utakaomfukuza. Nina hasira, na machozi yananitoka.

Mkuu amerudi. Amesimama hapa miguuni pangu, fomu mkononi, anangoja nimalize kuandika.