Matope kwenye Sakafu Nyeupe

Uvira, Rugenge
Tarehe 3 Juni

Mpendwa Yaya Manzi, kaka yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko Mulenge, wewe, Mama, wifi Ihirwe na watoto. Natumaini Mungu anawalinda, na baridi ya milima haijamrudishia Mama kikohozi chake. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaoumwa, na utaelewa sababu ukisoma mpaka mwisho. Kwa kuwa simu hazishiki huko kwenu, barua hii nampa Niyonsaba anayepanda kununua maharage. Tafadhali usiisome mbele ya Mama kwanza.

Nimesikia kwamba vijana bado wanamtafuta Baba kwenye njia ya Lemera. Leo ni siku ya ishirini na sita tangu apande gari letu hapa Uvira akirudi nyumbani na dawa za ng'ombe. Haipiti asubuhi bila kuzihesabu siku hizo.

Ulipokuwa ukinitania utotoni na kuniita Fagio, hukujua kwamba ufagio ungekuja kunilisha. Bwana Léopold, tajiri wangu, alinunua gari kuukuu ambalo ndani ni nyumba kabisa: kitanda, jiko dogo, tangi la maji, hata choo. Hulikodisha kwa wageni wanaopenda kulala kando ya ziwa. Gaspard anaendesha, mimi nasafisha. Usidhani ni kazi ndogo. Nyumba iliyosimama ina vumbi lake tu, lakini inayotembea hukusanya la kila kijiji inachopita. Kila tukisimama nakung'uta mazulia, naanika godoro juani, naosha tangi kwa dawa ya javeli lisije likanuka, kisha napangusa sakafu, nayo ni nyeupe kama maziwa. Viatu vinaachwa mlangoni. Bwana Léopold hupitisha leso yake kwenye kona, na leso ikichafuka utamsikia mpaka Kalundu.

Jambo lenyewe lilianza Makobola, majuma mawili yaliyopita, saa nne asubuhi, jua likiwaka. Wageni walikuwa wakioga ziwani. Nilipangusa, nikafunga mlango, ufunguo nikauvaa shingoni, nikaenda kuteka maji. Niliporudi nilikuta alama moja ya kiatu sakafuni, karibu na mlango, ya tope bichi. Nikadhani ni Gaspard na nikamgombeza vibaya. Akanionyesha miguu yake: alikuwa peku, amejaa mchanga. Tena, Yaya, ufukwe ule ni mchanga na mawe matupu. Lile lilikuwa tope jeusi la mashamba ya mpunga, na mvua ilikuwa imekatika.

Nikalipangusa. Kesho yake, Swima, alama zilikuwa tatu. Tuliporudi Kalundu zilikuwa sita, zikielekea kitandani. Zote zilikuwa zinaingia, hakuna hata moja iliyotoka. Ya mguu wa kushoto ilikuwa na kiraka cha mviringo kisiginoni. Nilipokiona nilikaa chini, maana wewe mwenyewe ndiye uliyembandikia Baba bote yake ya mpira kwa kiraka cha tairi ya baiskeli. Gaspard alivua kofia, akasema polepole: "Uyu muntu aliingia, hayatoka. Weye unamujua, Gikundiro. Umuseme."

Leo asubuhi, gari likiwa hapa uani kwa Bwana Léopold, nimefungua mlango na kukuta alama mbili tu, sambamba, mbele ya kitanda, kama za mtu aliyeketi. Shuka nililolinyoosha jana limebonyea, na limelowa. Ndani kunanuka moshi wa kufukizia vyombo vya maziwa, kama nyumbani kwa Mama. Nimeogopa, Yaya, lakini aibu imekuwa kubwa kuliko woga, kwa sababu pale ndipo Baba alipotaka kuketi siku ile, nami nikamkatalia.

Sasa nisikilize. Niliwaambia kwamba nilimshusha njia panda ya Lemera. Si kweli. Wageni walikuwa wakitusubiri Luvungi, mvua ilikuwa imenyesha, na bote zake zilinuka zizi. Nilimkalisha chini, juu ya plastiki. Tulipofika Mutarule nikamwambia gari linaishia hapo, ili nipate muda wa kusafisha kabla wageni hawajapanda. Alinishukuru. Akaniuliza kama bote zake zimeniharibia kazi. Nikasema hapana.

Unajua kwetu Mama hakubali nyumba ifagiliwe kabla msafiri hajafika aendako, maana ni kumfutia njia. Hata Gaspard alinisihi nisubiri angalau mzee avuke mfereji wa maji ya mpunga. Nikamjibu kwamba hayo ni ya nyumba, hili ni gari. Nikapiga magoti na kuanza kupangusa, mlango ukiwa wazi. Nilipoinua kichwa, Baba alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara akinitazama. Akashika fimbo yake, akaufuata mfereji, akapotelea kwenye mpunga.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Vijana wamechoka bure kwenye njia ambayo Baba hakuikanyaga. Waondoe huko leo hii. Waanzie Mutarule, kwenye daraja dogo la mfereji, wawaulize wenye mashamba. Gaspard amekubali kunipeleka huko kesho kwa pikipiki ya ndugu yake, na tutawasubiri hapo darajani. Kazi nimeiacha. Sakafu sikuigusa, nikamrudishia Bwana Léopold ufunguo wake. Amekasirika na kumwita mama mmoja jirani, Honorine, amalizie. Nimemwomba Honorine asubiri mpaka tumpate Baba, akanicheka. Hapa ninapoandika namsikia garini anamwaga maji juu ya zile alama.

Wasalimie wote wanaosali pamoja nasi, na wifi mwambie asiache kumwombea Baba. Mama umweleze wewe, kwa upole unaouweza. Akiuliza kwa nini nilidanganya, usinitafutie sababu nzuri. Mwambie mtoto wake aliona haya kuonekana na baba yake.

Ni mimi mdogo wako,
Gikundiro