Nilivyopindua Kiradieta cha Afande

Kasubi, Kampala

Mama yangu,

Nakusalimu sana. Najua mdogo wangu Naliaka ndiye anakusomea, kwa hivyo nampa salamu pia, na asiruke mahali. Goti lako limepata nafuu? Yule ng'ombe ameshazaa ama bado anatuzungusha? Mimi niko mzima, matoke nimeyazoea mpaka nimeota mashavu. Naandika kwa sababu kwa simu unanijua, wewe unasema halo halo, mimi nanyamaza, kredo inaisha. Na hii habari sitaki ikatike katikati. Nimefurahi sana, Mama.

Kazi yangu hapa gereji ni kuchomelea vyuma tu. Injini nilikuwa sigusishwi, naangalia wengine wakifungua. Sasa kuna mzee mmoja wa polisi, mtu wa Gulu, tunamwita Afande. Ana van yake, na kila akikaa kwa jam oili inachemka. Bosi wangu ni Salongo, huku baba wa mapacha ndio wanamwita hivyo kwa heshima. Salongo akaenda Nakivubo kwa wauza spea, akaleta kiradieta kidogo cha kupoza oili. Kinakaa mbele pale upepo unapiga. Kina midomo miwili upande mmoja. Oili inaingia moto kwa mmoja, inazunguka, inatoka kwa mwingine imepoa.

Hicho kitu kimeandikwa maandishi makubwa meupe. Salongo akaniambia nichomelee vyuma vya kukishika, na maandishi yasimame sawasawa, yasomeke kutoka nje. Maanake wateja wa huku wakija wanachungulia maandishi kwanza. Yakisimama, kitu ni orijino. Yakipinduka, wamedanganywa. Basi nikachomelea hivyo, maandishi yakasimama, na ile midomo ikaangalia chini.

Afande akarudi, gari bado inachemka. Oili ikabadilishwa. Akarudi tena, na hiyo siku hakusalimia mtu.

"Salongo, Jumamosi mimi napeleka mama yangu nyumbani Gulu. Ametoka hospitali, ni mzee. Hii gari ikizima njiani na mama ndani, mimi na wewe tutaonana."

Akaacha gari, akaenda. Salongo akanigeukia mbele ya watu. "Ni huyu Mkenya. Amechoma paipu, imejiziba. Gali ikiludi tena, wewe unaenda kwenu." Gari yeye anasema gali.

Mama, paipu sikuchoma. Wao wakaenda chai, injini wameiacha inanguruma. Nikaweka mkono kwa kiradieta. Chini kinachoma. Nikapandisha mkono juu, baridi kama ukuta wa kanisa. Nikarudia. Chini moto, juu baridi. Nikajua oili haifiki huko, kuna hewa imejifungia. Chukua kikombe, kigeuze mdomo chini, kizamishe kwa ndoo. Maji hayajai, si ndio? Hewa haina pa kutokea. Midomo ikikaa juu, hewa inapanda inatoka yenyewe.

Kujua ni rahisi. Kusema ndio kazi. Nilizunguka ile meza ya chai kama kuku anatafuta pa kutaga.

"Unataka nini, Mkenya? Sukari?"

"Tugeuze," nikasema.

"Tugeuze nini?"

"Kiradieta. Midomo iende juu."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mmoja akasema, "Banange, kumbe anaongea! Amengoja mwaka mzima aongee ujinga!"

"Maandishi itasimama kwa kichwa," Salongo akasema. "Afande atatuona wajinga."

"Weka mkono, bosi."

Akaja akaweka. Chini aliutoa haraka. Juu aliuacha muda mrefu. Halafu akasema, "Kale," huku ndio sawa. "Geuza. Lakini Afande akiuliza, mimi siko."

Nikakata vyuma vyangu, nikachomelea upya. Tukaweka paipu ndefu zifike juu, nikazifunga mbali na feni. Tulipowasha na kuzima, kile kijiti cha kupimia kikaonyesha oili imeshuka. Nikafurahi! Imeenda kujaa mahali hewa ilikuwa. Tukaongeza, tukawasha tena, nikaweka mkono. Moto mpaka juu.

Afande akafika, akainama, akachungulia.

"Nani amesimamisha hii kitu kwa kichwa?"

Salongo anaangalia mawingu. Wengine wote wamepata kazi chini ya magari.

"Ni mimi, Afande."

"Wewe hujui kusoma?"

"Kidogo tu, Afande. Lakini oili pia haisomi."

Sijui hayo maneno yalitoka wapi, Mama. Akaniangalia, akasema, "Ingia kwa gari."

Akaniendesha mpaka Ntinda, saa saba mchana, jua kali, akaingia kwa jam makusudi. Tukakaa. Mshale wa joto ukapanda, ukapanda, mimi naomba Mungu kimya kimya. Ukafika katikati, ukasimama. Afande akagonga kioo na kidole. Haukutingika. Akagonga tena. Akaanza kuimba Kiacholi, akanunulia sisi gonja, ndizi tamu ya kuchoma, dirishani, na mimi nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Jumamosi akampeleka mama yake, wakafika bila kusimama njiani hata mara moja. Jumatatu Salongo akanipa spana mkononi, akasema nianze kufungua injini, yeye mwenyewe ananionyesha. Kunifukuza hakutaji tena.

Nisalimie Baba, na shemeji wa bodaboda, na shangazi wa posho mill, na mwalimu wangu wa Sunday school, mwambie bado naenda kanisani.

Huyu dereva wa basi atakupa kopo na hii barua. Ni odi, simsim ya kusaga ya huko Gulu, pakaa kwa viazi. Afande alirudi nayo. Nilidhani ni yangu, nikaanza kufungua, akanipiga mkono. Mama yake Afande alikuwa ameuliza nani alitengeneza gari, akaambiwa ni kijana wa gereji, halafu akatoa hilo kopo akasema, "Hii ni ya mama yake."

Ni mimi kijana wako,
Wekesa