Maji ya vumbi siku ya posa

Anesie pokea simu! Posa ya kaka Yona nusura niigeuze matanga 😭

Si unajua kina Diana wamekuja leo kutoka Mwandiga kumwona mkwe? Nyumba imejaa, uwani vumbi tupu. Nikafanya kama tunavyofanya wageni wakija, nikanyunyiza maji uwanja mzima vumbi litulie. Uwanja MZIMA. Mpaka kwenye kalibu za mchanga, zile Yona anamomiminia alumini kuunda sufuria zake za kuuza.

Baba yake Diana akataka kuona kazi ya mkwe. Yona kwa sifa akabeba alumini iliyoyeyuka, akaanza kumimina.

PUUU! Bomu kabisa. Maji yaligeuka mvuke ghafla humo ndani, alumini ikaruka hadi juu ya bati. Shangazi yake Diana kawahi chini ya meza na sahani yake ya ndizi, hajaiachia!

Yona akamwangusha mzee wa watu kama gunia la muhogo, akamlalia. Moto ukampata yeye mgongoni. Anainuka tu: "Nani kamwagia maji kalibu yangu?"

Nyumba nzima ikanitazama mimi. Mimi!

Hapa tuko hospitali, Yona kafungwa bandeji, macho mazima. Nikawa nalia, najua nimeshamkosesha mke.

Mara mzee akaingia anachechemea, koti lina matundu kama chujio. Akamtazama Yona, akanitazama mimi.

"Mke tutakupa," akasema. "Ila siku ya harusi, huyu dada yako asishike ndoo."